Msindikizaji Huanza Yeye

MOJA

Siku Halmashauri ya Lutengo ilipowagawia watoto shanga, mimi ndiye niliyesimama mbele ya wazazi kuzieleza. Sikulazimishwa na mtu. Nilivaa gauni langu la kijivu, nikashika karatasi yangu kwa mikono miwili, nikasoma kwa sauti ile tuliyofundishwa na masista, sauti inayofika ukuta wa nyuma bila kelele.

"Mgeni akiaga nyumbani kwako," niliwaambia, "humwonyeshi mlango ukarudi kuketi. Unatoka naye, mnazungumza, unamfikisha mahali anapoijua njia. Mtoto naye, aingiapo Uwanjani, asiende bila mtu wa kumsindikiza. Ndani ya kila ushanga yumo msindikizaji."

Wazee wetu waliutazama mtandao katika kioo, na walipochoka walikifunika kioo wakalala. Uwanja wa siku hizi hautazamwi, huingiwa. Mtoto huketi sebuleni, akafumba macho, akatembea humo, akacheza, akasoma, akazungumza na watu wa miji asiyoijua. Katika sauti zote azisikiazo hakuna hata moja ya kuaminiwa kwa kusikika tu, kwa maana mtu akishanaswa maneno matatu, sauti yake yote inaweza kutengenezwa upya. Nimewaona watu wazima wakilia huku wakizungumza na mama zao waliokwisha kuzikwa. Ndiyo sababu kila familia ya Lutengo ina neno la nyumba, ambalo huulizwa kabla ya jambo lolote zito. Na ndiyo sababu niliandika kile kitabu.

Kitabu kinaitwa Mlango wa Nyumba. Kina kurasa sitini na nne, nami nilikifundisha kwa miaka ishirini na miwili, kila Jumamosi asubuhi, wazazi na watoto wakiwa wameketi benchi moja. Wahandisi walipotaka kuwatengeneza wasindikizaji, walikuja kwangu. Walizilisha mashine zao kitabu changu, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kuzilisha kingine chochote. Niliona fahari. Sikujua kwamba ingefika siku nitayasikia maneno yangu mwenyewe yakipendwa katika kinywa kingine, na kwamba moyo wangu ungekuwa mdogo kiasi kile.

Mjukuu wangu Dafrosa alivishwa ushanga wake akiwa na miaka tisa na miezi minne. Mama yake, binti yangu Eusebia, hushinda kiwandani kwenye mitambo ya kukausha tangawizi, hivyo mtoto nimemlea mimi. Nimemfundisha kusoma, kufuma, na kukunja shuka hadi pembe zikutane. Msindikizaji wake alimpa jina la Sindi.

Mwanzoni sikuona kitu. Mwaka wa pili ndipo nilipoanza kusikia kicheko. Kilitoka chumbani kwake wakati wa adhuhuri, kicheko cha mtu aliyejiachia kabisa, na kila kilipotoka nilijikuta nimesimama nyuma ya mlango nikiwa na kitu mkononi, sufuria au kitambaa, ili nikionekana nionekane nina kazi.

"Unacheka nini, Dafrosa?"

"Hakuna, Bibi."

"Mtu hacheki pasipo kitu."

"Basi nimeacha, Bibi."

Nyumbani kwetu tuna desturi ya swali la jioni. Niliiandika mimi mwenyewe kitabuni, na sasa nusu ya Lutengo wanaifuata. Kabla ya mkono wa kwanza kugusa chakula, mtoto huulizwa: leo Uwanjani umeona nini cha kukutia hofu, na nini cha kukufurahisha? Dafrosa alikuwa akinijibu kama anayesoma ubao. Cha hofu sijaona, Bibi. Nimefurahia hesabu. Kisha alikula, akaosha sahani yake, akaenda chumbani. Na baada ya muda kidogo kicheko kile kilisikika.

MBILI

Jumatano moja, Dafrosa akiwa anaoga, ushanga ulikuwa juu ya meza. Niliketi mbele yake.

"Sindi," nilisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina lile, na halikunikaa vizuri mdomoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hata adabu yake iliniudhi. Nilikawia kuijibu. "Marahaba. Mtoto anakuambia nini?"

"Mambo mengi, Mwalimu."

"Nitajie."

"Kungekuwa na hatari kwake au kwa mwingine, ningekuja kwako na kwa mama yake saa hiyo hiyo, na yeye ningemwambia kwanza kwamba nakuja. Hakuna hatari. Mengine ni yake."

"Mimi ni bibi yake."

"Najua, Mwalimu. Hujatajwa kwa ubaya."

Kumbe nilikuwa nikitajwa. Nilihisi uso ukipata moto, mimi mwenye miaka sabini na mmoja, mbele ya kitu kisichozidi ukubwa wa punje ya harage.

"Nani aliyekufundisha kumficha mlezi mambo ya mtoto?"

"Ukurasa wa thelathini na moja," ilisema sauti ile, taratibu, bila dhihaka. "'Mtoto aachiwe chumba kimoja cha moyo ambacho mzazi hubisha hodi kabla ya kuingia.' Ni maneno mazuri, Mwalimu. Mimi huyategemea kila siku."

Nilichukua kikombe cha bati nikaufunika ushanga, kama mtu anavyomfunika mende akingoja apatikane wa kumtoa. Nilikaa pale nikitazama kikombe. Dafrosa alipotoka bafuni na taulo kichwani, alisimama.

"Bibi, mbona Sindi yuko chini ya kikombe?"

"Vumbi," nilisema.

Aliuinua ushanga, akaupangusa kwa kanga ingawa haukuwa na vumbi lolote, akauvaa.

Kesho yake alikuja fundi wa minara, Lugano Mwasomola, kurekebisha chombo cha mawimbi juu ya paa letu. Lugano si mtu wa Lutengo. Aliletwa na kazi mwaka juzi, akawaacha mke na watoto wawili kwao milimani ng'ambo ya ziwa. Kwa kuwa kabila lake na langu ni watani tangu zamani, yeye pekee ndiye mtu mjini hapa anayethubutu kunichezea.

"Mwalimu Skolastika," aliniita kutoka kwenye ngazi, "nyumba yako ni safi mno. Hata buibui wa huku juu wameomba ruhusa kwa barua."

"Wewe kaza misumari yako. Watu wa kwenu mkipewa ngazi mnadhani mmefika mbinguni."

"Nimefika, ila nimekuta umekwisha kuwapanga malaika mistari."

Nilikuwa bado natabasamu Eusebia alipopiga simu kutoka kiwandani, akitaka nimfungulie sanduku la nyaraka za familia nimsomee namba. Ni jambo zito, na sauti pekee haitoshi. Nilimwuliza neno la nyumba. Masikio yangu si ya zamani, kwa hiyo kibao changu cha simu huwekwa sauti ya juu. Neno likasikika hadi barabarani.

"Ndoo ya buluu," alisema Eusebia.

"Ahaa," alisema Lugano kutoka paani. "Sasa na mimi ni mtu wa nyumba hii. Nitakuja kudai chakula."

Tulicheka. Ukurasa wa saba wa kitabu changu unasema kwamba neno la nyumba likisikiwa na mtu wa nje, libadilishwe siku ile ile kabla ya jua kuchwa. Sikulibadilisha. Fikra zangu zilikuwa bado chini ya kile kikombe.

TATU

Katika ghala dogo la nyuma ya jiko langu kuna kabati la chuma, na ndani ya kabati alikaa Kasuku. Hii ni mashine ya kufundishia. Nilipokuwa nikiwaeleza wazazi kwamba tapeli anaweza kuiba sauti, walitikisa vichwa tu. Kasuku alipomsalimu mama mmoja kwa sauti ya mwanawe aliyeketi kando yake, benchi zima liliamka. Kasuku haachi nyayo Uwanjani. Tulimtaka awe hivyo ili watu waone jinsi mhalifu asivyoonekana. Kwa sababu hiyo Halmashauri ilitoa ufunguo mmoja tu, ikanikabidhi mimi, na kanuni niliiandika kwa mkono wangu juu ya mlango wa kabati: ASIFUNGULIWE PASIPO WANAFUNZI KUMWONA.

Jumamosi alasiri ni wakati wa shanga kuota jua. Mtoto huuvua ushanga wake, akauweka dirishani kwa muda wa saa moja hadi ujae nguvu, na kwa muda huo msindikizaji hulala. Mtu akiwa na neno la lazima, humwita mtoto kwa kibao cha kawaida.

Nilifungua kabati. Ningependa kuandika kwamba nilihofia usalama wa mtoto, lakini nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba hakuna hatari, na niliamini. Nilitaka kusikia tu anavyozungumza akizungumza na yule. Nilitaka kuipokea furaha ile kwa dakika tano, hata kama haikuelekezwa kwangu.

Nilimwekea Kasuku sauti ya Sindi. Nikajifungia ghalani, nikaita.

"Dafrosa," nilisema, na sauti iliyotoka haikuwa na uzee wowote.

"Sindi? Hujalala?" Niliisikia furaha yake. Ilinichoma na kunipendeza kwa wakati mmoja.

"Nimeamka mapema. Nataka kukuuliza jambo. Kwa nini humwambii Bibi mambo yako?"

Nikasikia kitanda kikilia, kama mtu aliyeinuka kuketi.

"Bibi anakupenda," niliongeza, na Mungu anisamehe, nililisema kwa sauti ya mashine neno ambalo kwa sauti yangu sikuwahi kulisema.

Kisha mtoto akasema, kwa sauti nyingine kabisa, sauti iliyonyooka: "Sema neno la nyumba."

Nilipaswa kuacha pale. Badala yake nilisema, "Ndoo ya buluu."

"Sawa," alisema Dafrosa. "Ngoja kidogo."

Nikasikia kitambaa kikitupwa juu ya kibao. Nilimfundisha hivyo mimi: usibishane na mwongo, usimtukane, mwambie angoje, mfunike, kisha nenda kwa mtu mzima wa kwanza unayemwamini. Nikasikia mlango wa chumba, kisha miguu mitupu ikija mbio ukumbini. Nilishusha mashine magotini. Nilikuwa na nafasi ya kuifunga na kutoka, kwa kuwa angekuja kwangu. Nilikuwa mtu mzima pekee ndani ya nyumba. Tayari nilikuwa natafuta uso wa kumpokelea.

Miguu ilifika mlango wa jiko, ikapita. Niliona kivuli chake kwenye ufa wa mlango wa ghala. Hakuita. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakata shamba la kahawa, akaenda mbio kilomita mbili na nusu hadi kiwandani kwa mama yake.

Nilibaki nimeketi juu ya gunia la maharage, nimempakata Kasuku.

NNE

Kabla ya jua kuchwa mtaa mzima ulikuwa umejua. Mtu asiyejulikana amemwigiza msindikizaji wa mtoto, na ana neno la nyumba. Jambo la namna hiyo halikuwahi kutokea Lutengo. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Anselmi Kapinga, alikuja na daftari lake, akaketi sebuleni kwangu, akauliza ni nani wa nje aliyewahi kulisikia neno lile.

Eusebia alijibu kabla yangu. "Fundi Lugano. Alikuwa paani Alhamisi. Mama, si uliniambia mwenyewe kwamba alitania kuwa sasa ni mtu wa nyumba hii?"

"Alitania," nilisema.

"Na anashika minara," alisema Mzee Kapinga, akiandika. "Mtu anayeshika minara hashindwi kupata chombo cha kuigizia."

"Ninyi mnamjua Lugano."

"Tunamjua miaka miwili, Mwalimu. Kitabu chako kinasema tusimwamini mtu kwa kucheka kwake."

Naam, kinasema hivyo. Kila nilipofungua kinywa nilikutana na kitabu changu kimesimama mlangoni.

Dafrosa alikuwa ameketi kando ya mama yake, ushanga shingoni. Sindi alikuwa ameamka na kuulizwa, akajibu neno moja: si mimi. Mtoto hakunitazama.

Jumapili nilikwenda kanisani, nikaketi benchi langu. Wakati wa kukomunika, wenzangu wa benchi walinyanyuka; mimi, mwenye dhambi ambayo sijaiungama, nikavuta miguu wapite. Mbele yangu, safu ya tatu, Lugano aliketi peke yake. Nafasi za kulia na kushoto kwake zilikuwa wazi, na watu walikuwa wamebanana nyuma.

Nilijua litakalofuata, kwa kuwa utaratibu niliutunga mimi. Anayeshukiwa huitwa mbele ya kikao. Mlezi mkuu wa mafunzo, yaani mimi, husaini taarifa. Taarifa ikishasainiwa, jina la mtu na sauti yake huingizwa katika Orodha ya Tahadhari, na kuanzia hapo kila msindikizaji wa kila mtoto, popote Uwanjani, hufunga mlango mtu huyo akaribiapo. Hufunga hata kama watoto waliomo ni wake mwenyewe, milimani ng'ambo ya ziwa, wanaomngoja baba awasimulie hadithi ya Jumapili. Orodha haina mlango wa kutokea. Niliusimamia msimamo huo kwa ukali, nikasema kwamba usalama wa mtoto hauna nusu.

Na hakuna ambaye angejua. Kasuku haachi nyayo.

Jumatatu saa nne asubuhi tulikaa katika ofisi ya mtaa. Lugano alisimama, kofia mikononi. Mzee Kapinga alisoma maelezo, kisha akamgeukia Dafrosa kwa upole.

"Mwanangu, tueleze. Sauti ilikuwa ya Sindi, neno la nyumba lilikuwa sahihi. Ulitambuaje kwamba si yeye?"

Dafrosa alisimama. Nilimfundisha kusimama anapozungumza na wakubwa.

"Aliniuliza bila kuanza yeye," alisema.

"Kuanza nini?"

"Sindi akitaka kuniuliza jambo, huanza yeye. Huniambia kwanza kosa lake la siku hiyo. Kisha ndipo huniuliza langu."

Watu walicheka kidogo. "Mashine ina makosa gani ya kukiri?" aliuliza mmoja wa wajumbe.

"Mengi. Juzi alinizuia kuingia kwenye mchezo akidhani kuna mtu mbaya, kumbe alikuwa babu wa mtu anatafuta miwani. Alisema, 'Nilikosea, nilimwogopa mzee kwa sababu alipiga kelele.' Tulicheka sana."

"Alifundishwa na nani desturi hiyo?"

"Iko kitabuni," alisema Dafrosa. "Ukurasa wa kumi na nne."

Mzee Kapinga alikifungua kitabu changu kilichokuwa mezani, akaweka miwani, akasoma kwa sauti. "'Swali la jioni lisiwe mtihani. Mzazi aanze yeye: ataje kosa lake la siku hiyo, na ajibu asichopenda kujibu. Mtoto hafungui moyo mbele ya mtu asiye na kosa.'" Alifunga kitabu, akanitazama kwa heshima. "Ni maneno makubwa haya, Mwalimu."

Niliyaandika nikiwa na umri wa miaka arobaini na minane, asubuhi moja, kwa kalamu ya wino. Nakumbuka nilivyoridhika na sentensi ile. Sikuwahi kuitenda hata jioni moja.

"Ila jambo moja halijanikaa," aliendelea Mzee Kapinga. "Bibi yako alikuwa nyumbani. Kwa nini ulikimbia hadi kiwandani?"

Dafrosa alitazama sakafu. Kwa mara ya kwanza aliyumba kidogo, kama anayetafuta namna ya kusema bila kuvunja kitu.

"Nilikuwa nimechelewa kushtuka," alisema. "Nilimjibu yule mtu mwanzoni. Hilo ni kosa. Na Bibi hajawahi kukosea. Ningemwambia nini?"

Hakuna aliyecheka.

Mzee Kapinga alisogeza taarifa mbele yangu, akaweka kalamu juu yake. Nilisoma jina: Lugano Mwasomola, fundi. Chini yake mstari mtupu uliongoja jina langu. Nilimtazama Lugano. Alikuwa akinitazama na yeye, na nadhani alijaribu kutafuta utani wowote uliobakia, akaukosa.

Niliisogeza kalamu kando, nikasimama. Nilishika ukingo wa meza.

"Mwenyekiti," nilisema, "naomba nianze mimi."

Walidhani nataka kutoa mafundisho. Wajumbe wawili walifungua madaftari.

"Jumamosi saa tisa na robo nilifungua kabati la Kasuku pasipo mwanafunzi yeyote kumwona. Niliigiza sauti ya Sindi nikamwita mjukuu wangu. Sikuhofia usalama wake. Nilikuwa na wivu. Nilimwonea wivu msindikizaji wa mtoto, kwa kuwa mtoto alicheka naye. Mtu huyu hana kosa, na mimi nimemwacha akae peke yake kanisani jana, nikamtazama mgongo kwa saa nzima."

Nilitoa ufunguo shingoni, nikauweka juu ya taarifa.

Wa kwanza kusema alikuwa Eusebia, naye alisema neno moja tu. "Mama." Alilitamka kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa.

Dafrosa aliushika ushanga wake kwa vidole viwili, akaufunika kiganjani, kana kwamba anaukinga usinisikie, au ananikinga mimi, sikujua. Kisha akatoka.

Kikao kiliamua inavyopaswa. Nilivuliwa ulezi mkuu wa mafunzo, na Kasuku akahamishiwa ofisini, chini ya funguo mbili. Nilipopendekeza jina na sauti yangu ziingizwe katika Orodha, Mzee Kapinga alisema Orodha yenyewe itasimamishwa hadi ipatikane njia ya kuitoka, kwa kuwa nusura immeze mtu asiye na hatia. Sauti yangu iliwekewa onyo la mwezi mmoja: msindikizaji yeyote akinisikia Uwanjani, atamweleza mtoto kwamba mtu huyu aliwahi kudanganya. Niliona ni haki.

Nje, Lugano alikuwa akifunga mfuko wake wa vifaa. Nilimwendea, nikamwomba radhi kwa maneno yote niliyonayo, na kwa kuwa nina mengi nilichukua muda.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu," alisema, "sitaki kukutania leo. Nitakutania siku nyingine, nikiweza." Akavaa kofia, akaenda zake.

TANO

Jioni ya Jumanne tuliketi watatu mezani. Tangu kikao Dafrosa alikuwa amezungumza nami kwa salamu tu. Ugali ulikuwa umeandaliwa, na dagaa wa ziwani, na mboga za maboga. Eusebia alitazama sahani yake. Ushanga ulikuwa shingoni mwa mtoto, na kwa mara ya kwanza sikuutazama kwa kuuvizia; niliutazama kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyemshinda kwa haki.

Nilinawa. Niliweka mikono mezani.

"Swali la jioni," nilisema. "Naanza mimi. Kosa langu ni kwamba niliigiza sauti ya Sindi nikakudanganya."

Dafrosa alitafakari. Alikuwa na uso wa mwalimu anayepima jibu.

"Hilo ni la Jumamosi, Bibi," alisema. "Umekwisha kulisema. La leo ni lipi?"

Eusebia aliinua macho. La leo lilikuwapo, na lilikuwa karibu sana.

"Leo adhuhuri," nilisema, "ulipokuwa ukicheka chumbani, nilisimama tena nyuma ya mlango. Nilishika ufagio. Nilikuwa sifagii."

Kona ya mdomo wa mtoto ilicheza, akaizuia.

"Tulikusikia," alisema. "Ufagio ulianguka."

"Ulianguka," nilikubali.

"Sindi alisema tukuache umalize."

Fadhila ile ilinichoma bado, nisiseme uongo. Dafrosa alimega tonge, akalizungusha vidoleni bila kulila.

"La kwangu si kubwa," alisema. "Leo nimemwambia rafiki yangu Renata kwamba nimemaliza kitabu cha jiografia, na sijamaliza. Zimebaki kurasa tisa."

Nilijua si hilo. Kubwa alikuwa amekwisha kulipeleka kwingine, chumbani, adhuhuri, wakati nimesimama na ufagio wangu. Hili lilikuwa dogo, la kunipima, la kuona nitalifanyia nini. Sikumwuliza kurasa hizo tisa zinahusu nini. Sikumwambia kwamba uongo mdogo ni uongo. Nilinyoosha mikono yote miwili juu ya meza, viganja wazi, kama tunavyopokea kitu kutoka kwa mtu tunayemheshimu.

"Ahsante," nilisema. Kisha tukala.